Twalete ya kuhamishwa inanuka: fuata moshi kabla ya kununua dawa

Malalamiko ninayoletewa kuhusu twalete (vyoo) za kuhamishwa hapa Goma yanafanana sana. Nazungumzia za aina mbili: zile kabini za plastiki zinazokodishwa kwa harusi na matanga, na zile za mbao na mabati tunazosimamisha juu ya pipa kwa sababu chini ni mwamba wa volkano, na nyundo inachoka kabla ya mtu. Mteja huanza na maneno yale yale: "Papa, tulimwanga dawa chupa muzima na bado inanuka." Mara nyingi dawa haina kosa. Hewa ndiyo iliyokosa njia.

Nimepanga hitilafu kwa dalili. Chini ya kila dalili kinatangulia chanzo ninachokikuta mara nyingi, kisha vile vya nadra. Anza na ukaguzi usiogharimu hata franka moja kabla ya kwenda soko la Birere kununua bomba jipya. Ukifika penye neno SIMAMA, weka vifaa chini kweli.

Hewa inatakiwa ipite wapi

Hewa safi inaingia kwa mwanya wa mlangoni, inashuka kwenye tundu la kukalia, inapita juu ya uchafu, kisha inapanda kwa bomba hadi juu ya paa. Ukisikia harufu ndani ya kabini, jua kwamba safari hiyo imekatika mahali fulani, au imegeuka na hewa inarudi ilikotoka.

Mpango huu si wa jana. Ulikuzwa Zimbabwe katika miaka ya 1970, nchi ikiwa bado inaitwa Rhodesia, na Peter Morgan wa maabara ya utafiti ya Blair. Ndiyo maana huko wanakiita choo cha Blair. Lililoonekana ni kwamba mvutaji mkubwa wa hewa ni upepo unaokata juu ya mdomo wa bomba. Jua linalopasha bomba joto linasaidia, lakini ni msaidizi tu. Mafundi wengi huku wanaamini kinyume chake, wanapaka bomba rangi nyeusi kisha wanalificha nyuma ya ukuta usiopitisha upepo.

Mtu wa Goma hahitaji somo refu kuhusu hewa nzito. Mazuku tunayajua: kaboni dayoksidi inayotoka ardhini, nzito mara moja na nusu kuliko hewa ya kawaida, inalala mabondeni hadi mbuzi anaanguka palepale alipoinamisha kichwa kula. Haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai bovu, nayo ni nzito kidogo kuliko hewa. Kwa hiyo kutoboa dirisha karibu na paa na kutegemea harufu ipande yenyewe itoke ni kujidanganya. Bomba lazima lianzie kwenye tangi, mahali gesi inapozaliwa.

Kipimo cha moshi

Tafuta ubani, au kipande cha dawa ya mbu ya kuzungusha. Funga mlango, subiri dakika moja, kisha peleka moshi kwenye mwanya wa hewa wa mlangoni. Unatakiwa uingie ndani. Baada ya hapo ushike juu ya tundu la kukalia, kama sentimita 10 hivi, kifuniko kikiwa wazi. Moshi ukizama tunduni, twalete yako inapumua. Ukisimama tu unazungukazunguka, hewa haitembei. Ukikurudia usoni, hewa imegeuka, na hilo ni tatizo lingine kabisa.

Rudia kipimo asubuhi mapema, saa sita mchana na jioni, kwa sababu twalete moja inaweza kuwa na tabia tatu kwa siku moja.

SIMAMA: usitumbukize moto, mshumaa wala kiberiti ndani ya tundu, na usilete sigara. Uchafu uliokaa hutoa methani, na methani ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa inalipuka. Moshi ubaki juu ya tundu, mkononi mwako. Tangi likiwa limefungwa siku nyingi bila kutumika, acha mlango na kifuniko wazi kwanza, hewa ipite muda mrefu, ndipo upime.

Dalili: harufu inakupokea mlangoni ingawa tangi lilimwagwa jana

Hii ndiyo dalili inayoongoza, na chanzo chake cha kwanza ni bomba lililoziba. Nzi wakitoka tangini hufuata mwanga wa juu ya bomba, wanakwama kwenye wavu, wanafia pale. Buibui anajua hilo kabla yako, anakuja kufuma nyumba yake ndani. Ongeza vumbi letu jeusi la volkano, na baada ya miezi michache bomba ni jina tu. Panda ngazi, utazame wavu. Ukiwa umefunikwa, ufungue na kuupiga brashi. Kwa twalete ya mbao yenye pipa lisilojaa, mimina ndoo moja ya maji taratibu kutoka juu ya bomba. Tandabui zote zitashuka. Kwa kabini ya plastiki usimwage ndoo nzima, kwa kuwa tangi lake ni dogo na utalipa kubeba maji badala ya uchafu. Tumia fimbo ndefu yenye kitambaa.

Wavu wenyewe uwe na matundu ya milimita 1.2 hadi 1.5. Watu hukata chandarua cha mbu na kukifunga pale juu. Kinaziba haraka, na jua linakila. Waya wa chuma wa kawaida nao hauishi, gesi za tangini zinautafuna kutoka chini na mvua yetu iliyochanganyika na moshi wa mlima inamalizia kutoka juu. Aluminiamu au chuma kisichoshika kutu ndiyo dawa.

Chanzo cha pili kinafanywa na watu kwa nia njema. Hewa haina pa kuingilia. Kuna mama mmoja wa Keshero aliyenipigia mara mbili kwa wiki moja, amekasirika kweli. Nilipofika nikakuta kabini ya mbao imevishwa bashe (turubai) pande zote, hadi mwanya wa juu ya mlango umezibwa kwa katoni. "Watoto wanaona baridi usiku," akasema, na hakukosea, usiku wa Goma ni baridi. Lakini bomba haliwezi kutoa hewa isiyoingia. Tulikata bashe juu ya mlango tu. Sikununua chochote, na alinipa chai.

Kanuni ya vipimo: eneo la mwanya wa kuingizia hewa liwe angalau mara tatu ya eneo la bomba kwa ndani. Bomba la milimita 110 lina eneo la kama sentimita 95 za mraba, kwa hiyo mwanya uwe karibu 285. Kipande cha sentimita 30 kwa 10 kinatosha. Bomba la milimita 150 lina eneo la 177, karibu mara mbili, na mwanya wake ni sentimita 55 kwa 10. Tazama vizuri hiyo tofauti: milimita 40 tu za upana zinakupa bomba karibu mawili. Kwa twalete ya familia ninayoijenga mimi mwenyewe sishuki chini ya 150 ikiwa mteja ana uwezo. Chini ya 110 sikubali hata akilia.

Kisha kuna suala la kifuniko, na hapa watu wanagombana kwa sababu kila mmoja ana haki kwa twalete yake. Kwenye twalete ya mbao yenye bomba pana, kifuniko kinachobana kabisa kinakata njia ya hewa. Acha tundu wazi, au weka kifuniko chenye vijiti chini kinachobaki kimeinuka kidogo. Kwenye kabini ya plastiki ni kinyume: bomba lake ni jembamba, kabini inapata joto kama oveni, kwa hiyo kila anayetoka afunge kifuniko ili gesi ibaki tangini na kutafuta bomba. Ukikodisha kwa harusi, andika kwa herufi kubwa ndani ya mlango: FUNGA. Robo ya wageni watafunga. Bora robo.

Ukivuka hayo matatu, kagua kwa mpangilio huu:

- Mshono kati ya kiti na tangi. Pitisha moshi polepole pembeni mwa kiti. Ukipeperushwa, kuna ufa. Raba mpya au silikoni inamaliza.
- Mwisho wa chini wa bomba. Fundi mwingine hulishusha ndani sana "livute vizuri". Uchafu ukipanda kidogo, mdomo unazama na bomba limekufa. Liishie sawasawa na sehemu ya juu ya tangi.
- Kona. Kila kona inapunguza mvuto, na buibui anazipenda. Bomba linyooke moja kwa moja hadi juu.

Dalili: mchana hakuna shida, usiku na alfajiri hapafai

Bomba linapopoa, hewa iliyo ndani yake inapoa pia, inakuwa nzito na kushuka. Kipimo cha moshi cha alfajiri kitakuonyesha moshi ukipanda kutoka tunduni, jambo ambalo mchana hulioni. Tupo kwenye mita kama 1,500 juu ya usawa wa bahari, usiku unapoa haraka, ndiyo maana dalili hii kwetu ni ya kawaida.

Kwanza angalia urefu. Bomba linatakiwa lizidi sehemu ya juu kabisa ya paa kwa sentimita 50 angalau. Mengi ninayoyakuta yanaishia pale bati linapoishia, kwa kuwa bomba la Birere linauzwa kwa urefu fulani na hakuna anayetaka kuongeza kipande. Ongeza kipande.

Pili, upepo wenyewe unabadilika. Kwa kawaida mchana hewa inatoka upande wa Ziwa Kivu kuelekea mjini, usiku inateremka kutoka upande wa mlima wa volkano, Nyiragongo, kuelekea ziwani. Twalete iliyowekwa mlango kuelekea ziwa inapokea upepo mchana, usiku inageuziwa mgongo. Funga utepe wa kitambaa juu ya kijiti kwa siku mbili, utazame saa sita mchana na saa nne usiku. Kila kiwanja kina tabia yake. Nyumba ya ghorofa ya jirani inaweza kugeuza kila kitu. Kisha chagua: kama twalete inatumika zaidi mchana, kama kwenye shantie (mahali pa ujenzi), elekeza mlango ziwani. Kama ni ya familia, mahali palipo wazi pande zote ni bora kuliko mwelekeo wowote.

Tatu, kofia ya kuzunguka. Ile kofia inayozungushwa na upepo juu ya bomba inasaidia hata upepo ukiwa mdogo, mradi iwe nyepesi na ipakwe mafuta. Ikikwama inakuwa kizibo cha bei ghali.

Feni ndogo ya sola, ile ya volti 12 inayotolewa kwenye kompyuta mbovu, nimeijaribu mara kadhaa. Inafanya kazi vizuri kuliko yote wakati wa usiku, ikiwa na betri. Lakini gesi za tangini zinaila. Nyingi hazikumaliza mwaka. Iweke juu ya bomba, ikisukuma nje, kamwe isiwe karibu na tangi. SIMAMA kama feni yako ina brashi za kaboni zinazotoa cheche, au nyaya zake zimeungwa kwa kusokota tu. Cheche na methani havikai nyumba moja. Hiyo kazi mpe fundi wa umeme.

Dalili: upepo ukivuma ndipo inanuka zaidi

Dalili hii inawachanganya watu, maana wameambiwa upepo ni rafiki. Chanzo kikubwa ni mianya iliyo upande usiofaa. Upepo ukigonga kabini upande mmoja, upande wa pili unaachwa na hewa nyepesi inayovuta. Mianya ikiwa upande huo wa nyuma, inanyonya hewa kutoka ndani ya kabini, kabini nayo inanyonya kutoka tangini, na bomba linashindwa vita. Ziba mianya ya nyuma, acha ile inayotazama upepo. Kwa kabini za plastiki zenye vipenyo kila upande huwezi kuziba kirahisi. Izungushe tu kabini yenyewe. Ni watu wanne na dakika tano, tangi likiwa tupu.

Chanzo kingine ni kabini kubanwa na ukuta. Kwenye harusi moja ya Himbi, mwenye nyumba alitaka twalete zisionekane, zikasukumwa hadi kwenye kona ya ukuta wa mawe ulio mrefu kuliko mabomba yenyewe. Upepo ulikuwa unaruka ukuta, unaanguka na kuingia bombani kama maji kwenye bido (dumu). Wageni walikimbilia kwa jirani. Tulizisogeza mita chache tu, zikawa mahali ambapo bibi harusi angeziona kwenye picha, na ndugu zake hawakufurahi, lakini harufu iliisha kabla ya keki.

Angalia pia kofia ya bomba. Ile iliyobanwa chini sana kuzuia mvua inazuia hewa. Mvua inayoingia kwenye bomba la wima ni kidogo kuliko mnavyodhani.

Na kama una vyumba viwili juu ya tangi moja kubwa: upepo unaingia kwa mlango wa kwanza, unashuka tundu la kwanza, unatokea tundu la pili usoni mwa aliyekaa. Gawanya tangi kwa ukuta hadi chini, kila chumba kiwe na bomba lake. Hakuna njia ya mkato hapo.

Dalili: macho yanawasha, pua inachoma

Huo si uchafu, ni mkojo. Amonia. Inatoka kwenye mkojo uliotuama: sakafu ya mbao iliyonyonya, kingo za kiti, ukuta wa nyuma ambako wanaume wamelenga vibaya. Osha sakafu kwa maji na sabuni, ianike, kisha ikauke kabisa. Mbao iliyooza kwa mkojo ing'oe, haitakaa iache kunuka. Sakafu iwe na mteremko kidogo kuelekea tunduni.

Majivu yanastahili neno lao. Tunayapenda, na kwa harufu ya yai bovu yanasaidia kweli, kwa sababu yanaondoa hali ya tindikali. Lakini majivu yale yale yakikutana na mkojo mwingi yanaitoa amonia hewani. Kwa hiyo mwenye twalete inayochoma macho akiongeza majivu, anaongeza kilio. Maranda ya seremala, yaliyokauka, ni bora hapo.

SIMAMA kwenye klorini. Mji huu unakijua vizuri kipindupindu, hasa tangu ule mwaka wa 1994, wakati wakimbizi wa Rwanda walipofurika na mwamba ukakataa kuchimbika, watu wakafa kwa maelfu. Tangu hapo klorini iko katika nyumba nyingi, na ni jambo jema mikononi na kwenye maji ya kunywa. Kuimwaga tangini ni jambo jingine. Klorini na mkojo hutengeneza gesi ya kloramini inayochoma mapafu. Klorini na ile asidi ya kusugulia vyoo hutoa gesi ya klorini yenyewe, ambayo ilikuwa silaha katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Kama mtu ameshachanganya na unasikia kifua kinabana, toka, acha mlango wazi, usirudi kumalizia. Akiendelea kukohoa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Kama kuna kipindupindu kwenye kartie (mtaa) yenu, dawa ya kumwaga na kipimo chake viachie wahudumu wa afya.

Dalili: yai bovu

Uchafu umekosa oksijeni, umekaa muda mrefu, au umejaa maji. Kwa utaratibu wa ninavyokuta: tangi limejaa, watu wanaogea ndani yake au kumwaga maji ya kufulia, mvua imeingia, dawa ya buluu imekwisha nguvu. Hii ya mwisho inajionyesha yenyewe, buluu ikigeuka kijani kisha kahawia. Kuongeza dawa juu ya tangi lililojaa ni kupaka manukato shati chafu. Mwaga kwanza, osha, weka maji ya ndoo moja ya lita 20 pamoja na dawa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, kisha anza upya.

Kuhusu kujaa, fanya hesabu kabla ya shughuli. Tangi la kabini ya plastiki ni kama lita 200 hadi 250. Kanuni ya wajenzi ni kabini moja kwa wafanyakazi kumi kwa wiki ya saa 40, ikimwagwa mara moja kwa wiki. Matanga ya siku tatu yenye watu mia na hamsini na kabini moja hayana dawa ya harufu, labda maombi. Kwenye hali ya dharura, viwango vya Sphere, vinavyofuatwa na mashirika ya misaada, vinakubali watu 50 kwa choo kimoja mwanzoni, na kushuka hadi 20 haraka iwezekanavyo. Kama umezidi hapo, tatizo lako ni idadi, usilaumu bomba.

Kwenye twalete ya pipa au shimo, acha kutumia uchafu ukifika sentimita 50 chini ya sakafu.

SIMAMA, na hapa sitanii: yai bovu likiwa kali kisha ghafla harufu ikapotea, haijaisha. Haidrojeni salfaidi ikizidi inaua pua kwanza. Ondoka, ondoa watu, ita wenye vifaa. Na kwa sababu yoyote ile, simu iliyoanguka, kandambili, hata mtu, usishuke ndani ya shimo au tangi kubwa. Wanaokufa kwenye mashimo ya choo mara nyingi ni wawili au watatu: wa kwanza aliyeshuka, na ndugu zake waliomfuata kumwokoa.

Dalili: nzi na mbu

Wavu umetoboka, au kabini ina mwanga mwingi. Nzi hufuata mwanga; ndani kukiwa na giza kidogo, mwanga pekee anaouona ni wa juu ya bomba, anaenda kunaswa. Paa jeupe la kabini za plastiki linavuruga hilo, basi tegemea kifuniko. Mbu wanaashiria maji tangini. Rudi kwenye dalili ya yai bovu.

Dalili: ndani ni safi, jirani ndiye analalamika

Hongera, bomba lako linafanya kazi. Shida ni kwamba mdomo wake uko sawa na dirisha la jikoni kwake. Viwanja vyetu vya Majengo na Mabanga vimebanana, na mara nyingi hakuna pa kusogea. Ongeza urefu wa bomba hadi lizidi dirisha na paa lake, lifunge vizuri kwa waya ili upepo usiliangushe. Watu huniuliza kuhusu makala (makaa) ya kupikia yaliyotiwa kwenye mfuko na kuning'inizwa bombani. Kaboni ya kuchujia harufu inatengenezwa kwa njia maalumu. Makala ya sokoni hayafikii nguvu yake, na mfuko wenyewe unaziba hewa. Yaache yapike maharagwe.

Dalili: hakuna harufu, lakini mtu anahisi kizunguzungu au pumzi inakata

Hii ni ya nadra, na ndiyo inayonitisha kuliko zote. Kaboni dayoksidi haina harufu. Kama kabini imewekwa kwenye bonde dogo, au juu ya ufa wa lava, hasa upande wa magharibi wa mji kuelekea Sake, mazuku yanaweza kujaa chini ya kabini na kupanda hadi usawa wa mtoto aliyechuchumaa. Dalili za kutazama: majani yaliyokauka duara moja, panya au ndege waliokufa karibu, hali kuwa mbaya zaidi asubuhi isiyo na upepo.

SIMAMA. Hili si tatizo la twalete na hakuna bomba litakalolitatua. Funga mlango kwa kufuli, zuia watoto na mifugo, toa taarifa kwa Kituo cha Uangalizi wa Volkano cha Goma, OVG, na kwa ulinzi wa raia. Wakati wa kusimamisha kabini mpya chagua daima sehemu iliyoinuka, hata kama chukudu, kile kigari cha mbao cha kusukuma, itapata shida kuifikisha.

Mwisho, vidanje, yaani kumwaga uchafu. Pipa likijaa, tafuta watu wenye gari na pampu, wenye glavu na buti, na uwaulize wanaenda kumwaga wapi kabla hujalipa. Lava yetu imejaa nyufa, na kilichomwagwa kwenye ufa usiku hakipotei. Kinatafuta njia ya kushuka ziwani, na ziwani ndiko Regideso, kampuni ya maji, inakovuta maji na ndiko watoto wanakojaza bido asubuhi. Wakijibu "hapo hapo nyuma," usiwape kazi.